Mionzi Ikimpata Mtu, Damu Hueleza ni Kiasi Gani

Katika yadi za vyuma vikuukuu za Kitale na Bungoma, uzito ndio pesa. Pete nene ya risasi iliyong'olewa kwenye mashine isiyojulikana, mtungi mdogo wa chuma uliofungwa kwa makini, silinda isiyokubali kufunguka kwa spana: vyote huwekwa kwenye mizani, na kitu kidogo chenye uzito mkubwa ndicho kinachomfurahisha muuzaji. Biashara hii inalisha familia nyingi, kuanzia mitaa ya Kitale hadi Kimilili, Webuye na Kanduyi. Ndiyo pia biashara ambayo, katika nchi nyingine, imewakutanisha watu wa kawaida na hatari isiyo na harufu, isiyo na ladha na isiyoonekana kwa macho, yaani mionzi ya nyuklia.

Ajali ya aina hiyo ikitokea, swali la kwanza katika chumba cha dharura huwa gumu. Watu hamsini wamefika, wote wana hofu, kumi wanatapika. Ni nani kati yao aliyepata mionzi ya kutosha kumuua, na ni nani anayeweza kurudi nyumbani akapumzike? Sehemu kubwa ya jibu hupatikana katika mililita chache za damu.

Yaliyotokea Goiânia

Mfano unaosimuliwa zaidi ulimwenguni unatoka Brazil. Tarehe 13 Septemba 1987, wanaume wawili waliingia katika kliniki iliyohamwa jijini Goiânia, ambamo mashine ya zamani ya kutibu saratani ilikuwa imeachwa. Walikongoa sehemu iliyoonekana kuwa na thamani, wakaipeleka nyumbani kwa toroli na kuanza kuifungua. Siku hiyo hiyo walianza kutapika, wakadhani ni chakula. Siku chache baadaye waliiuza kwa mwenye yadi ya vyuma.

Usiku, mwenye yadi aliona mwanga wa samawati ukitoka ndani ya kile chuma. Ulikuwa unga wa sesiamu-137. Aliita jamaa na marafiki waje kutazama maajabu, wengine wakapewa chembe zake, wengine wakajipaka mwilini. Mkewe ndiye aliyegundua kwamba kila aliyekikaribia kitu kile alikuwa akiugua. Tarehe 28 Septemba alikitia kwenye mfuko na kukipeleka kwa basi hadi kituo cha afya. Kesho yake, mtaalamu aliyeletwa na kifaa cha kupimia mionzi alithibitisha ni nini.

Watu wanne walikufa, akiwemo mama huyo na mtoto wa kike wa miaka sita. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa katika uwanja wa michezo wa jiji hilo, na 249 wakakutwa na sesiamu mwilini au kwenye nguo zao. Kati ya hao wote, madaktari walihitaji kuwajua wachache ambao uboho wao ulikuwa umeharibiwa. Sampuli za damu za watu zaidi ya 100 zilipelekwa maabara, kromosomu zao zikahesabiwa chini ya darubini, na ikabainika kwamba watu 21 walikuwa wamepata zaidi ya grei 1, na 8 kati yao zaidi ya grei 4.

Grei ndicho kipimo cha mionzi iliyoingia mwilini. Ili msomaji apate picha, X-ray moja ya kifua humpa mtu sehemu moja ya elfu kumi ya grei, au chini ya hapo. Skani ya CT ya tumbo hutoa takriban sehemu moja ya mia. Mwili mzima ukipata grei 4 hivi kwa mara moja, nusu ya watu hufa ndani ya miezi miwili wasipotibiwa.

Je, vyanzo vya mionzi viko hapa?

Viko, na vingi vina kazi ya maana. Kiwanda cha karatasi, cha sukari au cha saruji kinaweza kuwa na kipimo chenye chembe ya sesiamu au madini mengine ya mionzi, cha kuangalia unene wa karatasi au kiwango cha malighafi ndani ya tangi. Wahandisi wa barabara hutumia kisanduku kidogo chenye chanzo cha mionzi kupima kama udongo na lami vimeshindiliwa vya kutosha. Mafundi wanaokagua uchomeleaji wa mabomba na matangi hutumia iridiamu-192, ambayo hufanana na kipande kidogo cha chuma kinachong'aa. Hospitali zinazotibu saratani kwa mionzi nazo zina vyao. Na barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Uganda inapita Webuye na Bungoma, na mizigo ya kila aina hupitia humo.

Hapa kuna kosa moja linalosikika sana mitaani na linalofaa kusahihishwa. Mashine ya X-ray iliyochomolewa kwenye umeme haitoi mionzi yoyote. Haina madini ya mionzi ndani yake. Ni kama taa iliyozimwa. Zinazotisha ni zile zenye chanzo hai ndani, kwa sababu chanzo hakina swichi. Kinatoa mionzi usiku na mchana, hata kikiwa kimetupwa kwenye rundo la skrapu.

Kisa cha iridiamu tayari kimetokea barani Afrika, na si mara moja. Huko Mohammedia, Morocco, mwaka wa 1984, kibarua aliokota kipande cha chuma cha aina hiyo na kukipeleka nyumbani. Watu wanane wa jamaa yake na nyumba yake walikufa, na mwanzoni ilidhaniwa kuwa wamekula sumu. Huko Meet Halfa, Misri, mwaka wa 2000, mkulima aliokota kingine akidhani ni kitu cha thamani. Alikufa yeye na mwanawe wa miaka tisa. Katika visa vyote viwili kilichokosekana haraka si dawa. Alikosekana mtu wa kuuliza: je, hii si mionzi?

Kipimo cha kwanza kiko karibu

Thailand ilipata ajali yake mwezi wa Februari 2000, katika mkoa wa Samut Prakan. Wakusanyaji wa vyuma walivunja kichwa cha mashine ya kutibu saratani chenye kobalti-60. Waliougua walifika hospitalini wakiwa na kichefuchefu, vidonda vya mikono na nywele zinazong'oka. Madaktari walipotazama damu, waliona seli nyeupe zimepungua mno. Wakaunganisha mambo hayo, na tarehe 18 Februari wakaiarifu mamlaka ya nyuklia ya nchi yao. Watu watatu walikufa, lakini chanzo kilipatikana na kuondolewa kabla ya kuumiza wengi zaidi. Yadi ile ilijulikana kwa sababu ya karatasi ya matokeo ya maabara.

Kipimo walichokitumia kwanza si cha ajabu. Ni hemogramu kamili, ile ile inayofanywa kila siku katika hospitali za rufaa za kaunti, Kitale na Bungoma. Huhesabu seli za damu kwa aina zake, na kati ya hizo kuna seli nyeupe zinazoitwa limfosaiti. Hizi ni laini sana mbele ya mionzi. Zikipigwa, hufa ndani ya saa chache, na jinsi zinavyopungua hufuata kiasi cha mionzi iliyoingia.

Mtu mzima mwenye afya huwa na limfosaiti kati ya 1,000 na 4,000 hivi kwa kila mikrolita ya damu. Saa 48 baada ya ajali, aliyebaki na zaidi ya 1,500 kwa kawaida hana jeraha kubwa la mwili mzima. Aliye kati ya 500 na 1,000 yuko katika hatari, na makadirio yake ni grei 2 hadi 4. Aliye chini ya 500 anahitaji hospitali kubwa bila kuchelewa. Aliye chini ya 100, uwezekano wa kupona ni mdogo sana.

Sababu ya haraka hiyo inafaa kuelezwa, kwa kuwa ndiyo inayopoteza maisha. Ugonjwa wa mionzi una ujanja. Aliyepata grei 2 au zaidi kwa kawaida hutapika ndani ya saa mbili. Aliyepita grei 4, ndani ya saa moja. Kisha hutulia. Siku ya tatu anakula vizuri, anasema amepona, anarudi kazini. Ndani yake uboho umeacha kutengeneza damu mpya. Wiki ya pili hadi ya nne ndipo homa inapoanza, fizi zinatoka damu, maambukizi madogo yanageuka kuwa makubwa. Mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani siku ya tatu hurudi akiwa mahututi. Hesabu ya limfosaiti iliyochukuliwa siku mbili za kwanza humwonyesha daktari hali hiyo ikiwa bado wiki mbili mbele, wakati ambapo dawa za kuchochea uboho, viuavijasumu na damu ya kuongezewa bado vinaweza kubadilisha mambo.

Lakini hesabu moja haitoshi, na katika eneo hili haitoshi kabisa. Bungoma iko katika ukanda wa ziwa ambako malaria haiondoki mwaka mzima, na Trans Nzoia nayo huipata kwa misimu. Malaria kali hushusha limfosaiti. Virusi vya Ukimwi hushusha, na dawa za kundi la steroidi pia. Kutapika kwenyewe kunaweza kuwa ni malaria, ni homa ya matumbo, ni chakula cha jana, au ni hofu tu. Kwa hiyo damu huchukuliwa tena na tena, kila baada ya saa sita hivi katika siku mbili za kwanza, ili daktari aone mteremko badala ya nambari moja. Mwenye malaria hana mteremko unaofanana na wa mtu aliyepigwa na mionzi. Na mkazi anayetumia dawa za kudumu asione haya kulitaja jambo hilo. Linaweza kumwokoa kupelekwa katika kundi lisilo lake.

Maharagwe na darubini

Hemogramu humwambia daktari nani atangulie. Kwa kipimo chenye uhakika zaidi, maabara maalumu huangalia kromosomu.

Kwa kawaida seli ya mwili wa binadamu huwa na kromosomu 46, nyuzi zinazobeba maagizo ya mwili. Kila kromosomu ina kiuno kimoja, kama nyigu. Mionzi inapopita ndani ya seli hukata nyuzi hizo. Seli hujaribu kujitengeneza, na mara nyingi hufaulu. Lakini nyuzi mbili zikikatika kwa wakati mmoja zikiwa karibu, vipande vinaweza kuunganishwa vibaya, kama fundi anayeunga mabomba gizani. Hapo hupatikana kromosomu moja yenye viuno viwili. Umbo hilo halizuki kwa urahisi kwa sababu nyingine. Kwa watu wasiopatwa na ajali yoyote, huonekana moja hivi katika kila seli elfu.

Hilo ndilo linaloifanya iwe ushahidi. Mtaalamu akihesabu seli mia za mtu aliyepata grei 1 ya mionzi ya gama, atakuta kromosomu za viuno viwili karibu nane au kumi. Kwa grei 2 zitakaribia thelathini. Kwa grei 4 zitafika mia moja, yaani wastani wa moja kwa kila seli. Kila maabara hutengeneza kwanza mchoro wake kwa kupiga damu ya wafadhili kwa mionzi ya kiasi kinachojulikana, kisha husoma damu ya mgonjwa dhidi ya mchoro huo.

Kuna ugumu mmoja. Kromosomu huonekana vizuri pale tu seli inapojiandaa kugawanyika, ilhali limfosaiti zinazozunguka katika damu zimelala. Ni lazima ziamshwe. Mwaka wa 1960, mtafiti Peter Nowell wa Philadelphia, Marekani, aligundua kwamba dondoo la maharagwe huziamsha. Ni maharagwe ya kawaida, jamii moja na ile nyayo na rosekoko inayouzwa kwa gorogoro sokoni Chwele. Kemikali hiyo ndiyo inayomfanya mtu aumwe na tumbo na kutapika akila maharagwe mekundu ambayo hayakuiva, na ndiyo sababu mapishi ya githeri hayana njia ya mkato. Katika maabara hufanya kazi nyingine kabisa: huziambia limfosaiti kwamba kuna adui, nazo huanza kugawanyika.

Damu huachwa kwenye joto la mwili kwa saa 48. Kisha huongezwa dawa ya kuzisimamisha seli katikati ya kugawanyika, zinavimbishwa kwa maji yenye chumvi kidogo, zinatandazwa kwenye kioo na kutiwa rangi. Mtaalamu huketi mbele ya darubini na kuanza kuhesabu. Kwa hesabu kamili huangalia seli 500 au zaidi kwa kila mtu, kazi inayoweza kuchukua siku kadhaa. Watu wakiwa wengi huangalia seli 50 tu kwa kila mmoja. Hapo kipimo hukosa ukali wa kuona dozi ndogo, lakini hutambua waliofika grei 1 na kupita, na hao ndio wanaotafutwa kwanza.

Njia hii ilianza kutumika mwaka wa 1962, pale Michael Bender na P. C. Gooch wa Marekani walipopendekeza kromosomu zitumike kama kipimo. Baada ya moto wa kinu cha Chernobyl mwaka wa 1986, watu 237 walilazwa wakishukiwa kuwa na ugonjwa wa mionzi. Uchunguzi, ukiwemo wa damu, ulithibitisha 134. Watu 28 kati ya hao walikufa mwaka huo. Zaidi ya watu mia moja waliondolewa katika orodha ya hofu, na vitanda na damu vikawaendea waliovihitaji.

Damu isivyoweza kueleza

Ni vyema kusema wazi mipaka ya kipimo hiki, kwa kuwa ahadi kubwa huleta malalamiko makubwa. Kuhesabu kromosomu hakuoni dozi iliyo chini ya sehemu moja ya kumi ya grei. Mkazi anayeuliza kama X-ray alizopigwa mwaka jana zimemdhuru hatapata jibu kwa njia hii, wala hana haja nalo. Kipimo hakitabiri kama mtu atapata saratani baadaye. Hakionyeshi unga wa mionzi ulioshika nguo au nywele. Hiyo ni kazi ya kifaa cha kupimia kinachopitishwa juu ya mwili.

Kiungo kimoja kikiungua pia ni tatizo. Mtu aliyetia chanzo mfukoni anaweza kuwa na kidonda kibaya cha paja huku damu yake ikionyesha dozi ya wastani tu, kwa sababu sehemu kubwa ya damu haikupita hapo. Daktari hutazama ngozi na damu kwa pamoja.

Muda nao una kauli. Kromosomu za viuno viwili hupungua kadiri seli zinavyokufa na nafasi yake kuchukuliwa na mpya. Baada ya miaka mitatu hivi zinaweza kubaki nusu. Kwa ajali za zamani hutumika njia nyingine ya kutia rangi kromosomu ili kuona vipande vilivyobadilishana mahali, kwani hivyo hudumu zaidi.

Na dozi yenyewe si hukumu. Mwenye yadi wa Goiânia alikadiriwa kupata grei 7, zaidi ya wale wanne waliokufa, naye akapona. Dozi yake iliingia kidogo kidogo kwa siku nyingi, kwa kuwa hakuwa akishinda ndani ya nyumba kama wengine, na mwili ukapata nafasi ya kujitengeneza.

Jinsi damu inavyochukuliwa na kusafirishwa

Chukua mfano wa kijana anayekusanya vyuma, ambaye amefika kwenye kituo cha afya akiwa na vidole vyekundu vinavyovimba bila kuungua moto, na amekuwa akitapika tangu jana. Anasema alikuwa akipasua kitu kizito chenye risasi. Mhudumu hufanya mambo mawili ya damu. La kwanza ni hemogramu, kwa chupa ya kawaida yenye kifuniko cha zambarau. La pili ni kuchukua damu nyingine, takriban mililita 10, katika chupa yenye heparini ya lithiamu, ambayo kifuniko chake huwa cha kijani. Chupa ya zambarau haifai kwa kromosomu, kwa kuwa dawa iliyomo huzuia seli zisikue vizuri. Kosa la kifuniko linaweza kupoteza sampuli ambayo haitapatikana tena katika hali ile ile.

Sampuli ya kromosomu hungojewa mpaka saa 24 zipite tangu ajali, ili damu iliyopigwa na ambayo haikupigwa zichanganyike. Hata hivyo huchukuliwa kabla mgonjwa hajaongezewa damu ya mtu mwingine. Haigandishwi na haiwekwi juani. Hubaki kwenye joto la kawaida la chumba, nyuzi 18 hadi 24, na hufaa kufika maabara ndani ya siku moja au mbili. Kifurushi hubandikwa onyo kwamba kisipitishwe kwenye mashine ya X-ray ya uwanja wa ndege, jambo ambalo ni rahisi kulisahau mizigo inapopangwa foleni kule Eldoret au Nairobi.

Kuhesabu kromosomu hakufanywi katika maabara za hospitali za kaunti. Huduma za afya ziko chini ya kaunti, lakini usimamizi wa vyanzo vya mionzi ni wa serikali ya kitaifa, kupitia Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia Kenya (KNRA), iliyoundwa na sheria ya mwaka wa 2019 na kuchukua kazi za Bodi ya Kinga dhidi ya Mionzi iliyokuwapo chini ya sheria ya mwaka wa 1982. Mamlaka hiyo ndiyo inayotoa leseni kwa mashine za X-ray na vyanzo vingine, na ndiyo yenye wajibu wa kukitafuta chanzo kilichopotea. Ajali ikizidi uwezo wa nchi, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA), ambalo Kenya ni mwanachama tangu 1965, lina mtandao wa usaidizi unaojumuisha maabara za kuhesabu kromosomu. Shirika la Afya Duniani nalo lina mtandao wake wa maabara hizo, ulioanzishwa mwaka wa 2007.

Wafanyakazi wa X-ray na wa viwanda vinavyotumia vyanzo hivi huvaa beji ndogo kifuani inayorekodi mionzi. Mkusanyaji wa skrapu hana beji. Kwake yeye damu ndiyo beji.

Ukikutana na kitu usichokielewa

Alama ya mionzi ni mabawa matatu meusi au ya zambarau juu ya rangi ya njano. Tangu 2007 kuna nyingine, pembetatu nyekundu yenye fuvu la kichwa na mtu anayekimbia, iliyowekwa mahsusi kwa wasiojua ile ya kwanza. Alama huweza kuchakaa au kung'olewa, kwa hiyo uzito usio wa kawaida, risasi nene, au kifaa kilichofungwa kama sefu ni sababu tosha ya kusimamisha msumeno.

Usikifungue, usikichome, usikitie mfukoni, usikipeleke kituoni kwa bodaboda. Sogea mbali. Ukiwa mita kumi, unapata sehemu moja ya mia ya kile unachopata ukiwa mita moja. Zuia watoto na wapita njia, kisha mwarifu chifu au polisi kwa nambari 999 au 112, ueleze kwamba unashuku mionzi, ili KNRA iitwe. Kama umekishika, nawa mikono kwa sabuni na maji, vua nguo za nje na uzitie kwenye mfuko wa plastiki, kisha uende hospitalini. Andika saa uliyokishika na saa ya kwanza uliyotapika, kama umetapika. Saa hizo mbili zina thamani karibu sawa na damu yenyewe.

Wenye yadi wana jukumu zaidi. Sheria ya Vyuma Vikuukuu ya mwaka wa 2015 inamtaka mfanyabiashara awe na leseni na aweke rekodi za anachonunua. Rekodi hizo huonekana kama usumbufu mpaka siku inapobidi kujua kitu kilitoka wapi na nani wengine walikigusa. Kumficha aliyeleta mzigo kwa kuogopa polisi ni kuficha orodha ya watu wanaohitaji kupimwa damu.

Jambo jingine ni majirani. Aliyepigwa na mionzi haiambukizi kama kikohozi. Akishaoshwa na kubadilishwa nguo, anaweza kuhudumiwa, kushikwa mkono na kulishwa. Wachache waliomeza unga wa mionzi, kama wale wa Goiânia, huwekwa pahali pao na wahudumu huelekezwa namna ya kuwahudumia, hata mkojo wao hukusanywa. Huko Goiânia, katika watu 60,000 wa kwanza kupimwa, takriban 5,000 walikuwa na vipele, kutapika au kuhara kwa sababu ya hofu pekee, bila chembe ya sesiamu mwilini. Na siku ya kumzika yule mtoto wa miaka sita, umati ulifika makaburini ukarusha mawe kuzuia maziko. Jeneza lake lilikuwa limetiwa risasi na kaburi kujengewa zege, hivi kwamba aliyesimama kando yake hakuwa katika hatari yoyote.

Mkazi aliyepimwa damu kwa sababu hii hupewa nakala ya matokeo yake na huombwa aihifadhi pamoja na kadi yake ya hospitali. Aieleze pia kila anapofanyiwa CT au matibabu ya mionzi, kwa kuwa hayo nayo huacha alama katika kromosomu, na mtaalamu atakayesoma damu yake miaka ijayo atahitaji kuyatenganisha na ajali ile.